Hakuna Nafasi ya Kulala Chali

Jumatatu ile Saverio Ojara alichemsha chai mwenyewe. Mkewe, Rosebella, alikuwa amerudi asubuhi kutoka kazini kwenye bekari, unga umemganda kwenye nyusi, na kama ilivyokuwa desturi yake alijitupa kitandani kifudifudi bila hata kuvua leso ya kichwani. Kazi ya usiku ilikuwa imemfundisha kulala mchana kweupe, jua likichungulia kwenye matundu ya bati na watoto wa majirani wakipiga kelele uani.

“Mama Akot, siku moja utazama ndani ya hii godoro, mimi nitakutafuta na koleo,” Ojara akamtania.

“Nikilala hivi siotagi kitu,” akajibu, uso ameuzika kwenye mto. “Nikilala namna nyingine naota upuuzi mpaka naamka nimechoka kuliko nilivyolala.”

Ojara alikuwa dereva wa malori ya jeshi kule Mbuya, Mwacholi wa Kitgum, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Rosebella alikuwa Mbukusu wa Kimilili, Kenya, aliyekuja Kampala angali msichana kumfuata mjomba wake wa reli, akakaa, akaolewa. Walipanga chumba kimoja katika safu ya vyumba vilivyoegemea kilima, Bugolobi ikiwa chini yao na kambi ikiwa juu yao. Binti yao, Akot, walikuwa wamempeleka kwa bibi yake Kimilili tangu Krismasi, kwa sababu sukari ilikuwa imeadimika mjini na watu walikuwa wameanza kuongea kwa kuangalia nyuma.

Ojara alikunywa chai yake amesimama. Akamfunikia mkewe kikombe chake kwa kisahani, akafunga mlango polepole asimwamshe. Ilikuwa Februari ya mwaka 1977. Rosebella alipozinduka alasiri, chai ilikuwa imefanya utando, na uani hapakuwa na mtoto hata mmoja.

Jirani yake, Phelister, Mjaluo wa Kenya aliyeuza dagaa sokoni, aliingia bila kubisha hodi na kukaa ukingoni mwa kitanda.

“Kambini wamewaita kwa majina,” alinong’ona. “Waacholi na Walango wote, ati ni maadui wa serikali. Wamepandishwa malori.”

“Malori ya nani?”

Phelister alitazama juu, upande wa kambi. Kambini hapakuwa na malori mengine ila yale aliyoyaendesha Ojara na wenzake.

Kesho yake Rosebella alipanda mpaka kwenye lango la kambi. Askari aliyekuwa zamu hakuwa na uso mbaya. Alimwita kando, akamwambia kwa upole, “Mama, rudi nyumbani. Hapa hakuna mtu ya jina hiyo.”

“Jana alikuwako, afande.”

“Hata jana hakuwako.”

Akarudi nyumbani. Angefanya nini? Kwao hakwenda, maana nani angemfungulia Ojara mlango akirudi? Jioni alirudi bekari kukanda unga, na asubuhi akarudi kulala kifudifudi, usingizi mweusi usio na kitu ndani yake. Huenda angeendelea hivyo mpaka moyo uzoee. Lakini hazikupita wiki nyingi trei la moto likamponyoka mbele ya tanuri, likamwangukia kifuani na kumuunguza vibaya. Daktari wa zahanati alimpaka dawa, akamfunga bendeji, akamwambia asilalie kifua mpaka ngozi ishike.

Kwa hiyo siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima, Rosebella alilala ubavu. Ubavu wa kushoto, mikono ameikunja chini ya kidevu.

Akajikuta gizani.

Chini yake palikuwa na saruji yenye unyevu. Mbele ya pua yake palikuwa na shingo ya mtu. Nyuma yake palikuwa na kifua cha mwingine, na nyuma ya huyo mwingine tena, wanaume wengi wamelala ubavu, magoti ya huyu yameingia nyuma ya magoti ya yule, wamebanwa kama mikate kwenye kreti. Joto lilikuwa la pumzi tu. Kisha sauti ya chini ikatoka hapo hapo mbele yake.

“Geuka.”

Wote wakageuka kwa pamoja. Rosebella naye akageuka.

Aliamka kitandani kwake, saa nane ya mchana, amelalia ubavu wa kulia. Kwa muda mrefu alitazama ukuta. Sauti ile aliijua. Na shingo ile alikuwa ameinyoa kwa wembe kila Jumapili kwa miaka sita.

Alimwambia Phelister. Phelister aliacha kupeta dagaa.

“Ni huzuni, Mama Akot. Mwili ukilala vibaya, akili nayo inalala vibaya. Shukuru hukulala chali. Ukilala chali, jinamizi linakukalia kifuani.”

Rosebella alitaka kujua. Siku iliyofuata alilala chali makusudi. Hakuona giza wala wanaume. Aliona mwanga mweupe, mkali, wa mlango uliofunguliwa, na mikono ya mtu ikampita chini ya makwapa. Alitaka kupiga kelele. Hakuwa na pumzi. Mikono ikaanza kuvuta. Alipoamka alikuwa ameteremka kitandani mpaka nusu, kichwa kikigusa sakafu. Hakulala chali tena.

Lakini ubavu alirudia.

Mara ya tatu au ya nne aligundua jambo. Mle gizani kifua hakikumuuma. Nyumbani hata kuvuta shuka kulimtoa machozi, na kule alibanwa kati ya migongo ya watu na hakusikia lolote. Alijigusa bendeji, bendeji haikuwapo. Akajiambia, taratibu, kama mtu anayekanyaga ubao asioujua: naota. Najua kwamba naota. Na tangu alipojua hivyo, viungo vilimtii. Aliweza kunyanyua mkono. Aliweza kusema. Alipolalia kushoto Ojara alikuwa mbele yake, amempa kisogo, hasikii. Akajilazimisha kulala kwa ubavu wa kulia. Alipoingia, pumzi aliyoijua ilikuwa sikioni mwake.

“Baba Akot,” alinong’ona.

Mwili nyuma yake ukakakamaa.

“Usiseme kwa nguvu,” Ojara akasema. “Umeingilia wapi?”

“Nimelala tu. Nyumbani.”

Akaegemeza paji la uso kisogoni mwake. “Basi usiamke haraka.”

Kuanzia hapo Rosebella aliishi kwa ajili ya usingizi. Alikanda unga kama mashine, akatembea nyumbani alfajiri bila kumtazama mtu, akafunga mlango kwa komeo, akalalia ubavu wa kulia. Kifua kilipona, bendeji ikatoka, na bado hakurudi kulala kifudifudi. Alimpa Ojara habari za Akot, jinsi alivyoota jino jipya, habari alizopewa na dereva mmoja kabla mpaka wa Kenya haujawa mgumu kuvuka. Ojara alimweleza ya mle ndani. Hakujua ni wapi. Walikuwa wamefungwa macho, na yeye kama dereva alijaribu kuhesabu kona, lakini lori lilizungushwa makusudi.

“Humu ni ubavu tu,” alisema. “Hakuna nafasi ya kulala chali. Bega likichoka mimi nasema geuka, sisi wote nageuka. Mtu akilala chali, huyo amekwisha. Asubuhi wanafungua mlango, wanamvuta.”

“Kwa makwapa,” Rosebella akasema.

“Nani alikwambia?”

Akautafuta mkono wake gizani, akaushika.

Mbele ya Rosebella, amempa mgongo, alikuwa mtu mmoja mfupi aliyenuka grisi. Siku moja mtu huyo akafungua mdomo gizani. Alisema anaitwa Zubairi, fundi wa baiskeli wa Nateete, hata jeshini hajawahi kuingia. Alikamatwa kwa sababu alitengeneza baiskeli ya mtu aliyekimbia. “Nyabo, mama yangu, kama wewe unatoka nje, nenda kwangu nyuma ya soko, uliza Nafuna. Mwambie ile habari aliniambia asubuhi ile, mimi sikumjibu kwa sababu walikuwa wanagonga mlango. Mwambie nimefurahi. Sema hivyo tu.”

Rosebella alisita siku mbili tatu. Ndoto ni ndoto. Lakini alikwenda, akavuka mji mzima mpaka Nateete, akauliza nyuma ya soko. Alionyeshwa kibanda chenye magurudumu yaliyoning’inizwa. Ndani alimkuta msichana wa Kigisu, hajafika miaka ishirini, anachambua maharage.

“Wewe Nafuna?”

“Ndiyo, nyabo. Karibu.”

“Mume wako Zubairi anasema, ile habari uliyomwambia asubuhi ile, amefurahi.”

Maharage yalimwagika. Nafuna alijishika tumbo kwa mikono miwili, na hapo ndipo Rosebella akaelewa ni habari gani.

“Hakuna mtu anajua,” msichana alisema. “Hata mama yangu sijamwambia. Nyabo, umemwona wapi?”

Rosebella alimwambia kweli. Mwingine angemfukuza. Nafuna alipiga magoti, akamshika miguu.

“Bambi, tafadhali, rudi kwake. Rudi leo. Muulize mtoto tumwite nani. Mimi kila usiku natamani nimwote, sioni kitu. Nenda wewe.”

Basi Rosebella akarudi. Hakungoja hata kufika kwake vizuri, alilala na viatu. Ubavu wa kulia. Giza, saruji, pumzi. Akamwuliza Zubairi, na Zubairi akacheka kidogo kifuani, kicheko cha kwanza alichokisikia mle. Akasema akiwa msichana aitwe jina la mama yake Nafuna, na akiwa mvulana Nafuna achague, yeye ataridhika.

“Geuka,” Ojara akasema.

Waligeuka. Wote ila Zubairi. Alisukumwa na mabega ya huku na mabega ya kule, na pale mahali pake pakakosekana. Alipanda juu kidogo, kama unga unavyoumuka, akabaki amelala chali juu ya nyonga za wenzake. Macho yake yalikuwa wazi.

Mlango ukafunguka.

Rosebella aliamka, viatu bado miguuni.

Hakwenda Nateete kupeleka jibu. Alikaa chumbani siku nzima akijiambia kwamba ni bahati mbaya, kwamba mtu yule alikuwa dhaifu. Kesho yake aliingia tena, na safari hii ni yeye aliyemsukuma Ojara aseme.

“Kwa nini Zubairi?”

Ojara akateremsha sauti.

“Mama Akot, humu tumejaa. Hata mkono mmoja hauwezi kuongezeka. Wewe ukija, unachukua nafasi ya mtu mzima.”

“Mimi nipo nyumbani! Mimi naota!”

“Wewe unaota. Hapa unachukua nafasi.” Pumzi yake ilikuwa ya moto sikioni mwake. “Kila siku umekuja, mmoja amelala chali. Mimi nilijua. Toka siku ya kwanza nilijua. Nilitaka uje.”

Zilikuwa siku nyingi. Rosebella hakuthubutu kuzihesabu.

Alipozinduka alivuta godoro, akalisimamisha ukutani, akaapa kwamba halali tena ubavu mpaka afe. Akalala kifudifudi sakafuni. Lakini mwili uliokwisha kujifunza njia haukusahau. Alijilaza kifudifudi, akaamka amelalia ubavu, na harufu ya saruji mbichi puani. Akajaribu kulala amekaa kwenye kiti. Kichwa kikaanguka, bega likafuata, naye akajikuta mle, kidogo tu, kiasi cha kusikia mtu akikoroma mara moja na kunyamaza. Akaacha kulala. Alitafuna buni kavu, alijimwagia maji ya baridi, alisimama mbele ya tanuri la bekari mpaka macho yakamchonyota. Msimamizi akamfukuza siku alipomkuta amesimama na trei tupu mikononi, anaimba ili asisinzie.

Phelister ndiye aliyemchukua chumbani kwake. Alikuwa ametoka kusugua sakafu kwa polishi nyekundu, inang’aa kama siku ya sikukuu. Alitandika godoro karibu na ukuta, akamlaza Rosebella kifudifudi, akakaa pembeni na kumwekea viganja viwili mgongoni.

“Lala, Mama Akot. Ukigeuka nakurudisha. Siondoki hapa.”

“Usisinzie.”

“Mimi nimelea watoto wanne. Sisinzii.”

Ilikuwa saa sita ya mchana, jua kali. Rosebella alizama. Usingizi mweusi ule wa zamani, usio na kitu ndani yake. Laiti ungeachwa ukamilike. Phelister alikaa hivyo hata miguu ikafa ganzi. Mara akasikia gari likisimama uani, na milango ikifunguliwa mitatu kwa mpigo, na sauti ya mtu asiyemjua ikiuliza kwa Kiswahili cha kambini, “Nani nakaa hapa?” Walikuwa wanatafuta chumba cha Ojara. Phelister aliondoa viganja vyake. Ilibidi. Alitoka, akafunga mlango nyuma yake, akasimama mbele yao akitabasamu, akawaambia mwenye chumba kile amekwenda Kenya zamani.

Ndani, Rosebella akageuka.

Giza lilikuwa lile lile, lakini safari hii wanaume waliokuwa mle walimjua. Alihisi wote wakishika pumzi alipoingia, wakijikunja, kila mmoja akijaribu kuwa mwembamba. Hakuna aliyemlaumu. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

“Amka,” Ojara akamwambia. “Upesi.”

Akajaribu. Alijua kwamba anaota, alijua mwili wake uko wapi, ukuta upi, godoro lipi. Akaamuru macho yafunguke. Hayakufunguka.

“Siwezi.”

“Jaribu.”

“Siwezi, Baba Akot.”

Mbali kule, upande wa mlango, nyayo zilisikika. Rosebella akafanya jambo moja lililobaki. Alianza kujigeuza alale chali. Kama lazima mmoja atolewe, atolewe yeye, mgeni, mwenye mlango wake mahali pengine. Alipanda kidogo. Mabega yalimwachia. Kisha mkono mrefu ukampita kifuani, mkono alioujua uzito wake, ukamrudisha chini, ubavu, kwa nguvu kama mtu anayefunga dirisha kwenye upepo.

“Si wewe,” Ojara akasema. “Akot ana mama mmoja.”

“Usifanye hivyo. Saverio. Usifanye.”

“Mimi bega limechoka,” alisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayetafuta usingizi baada ya safari ndefu. “Bega zote mbili.”

Akamsikia akigeuka. Peke yake. Hakusema geuka, na hakuna mwingine aliyesogea. Rosebella alimshika shati, alimshika nyonga, alivuta kwa nguvu zote za mikono iliyokanda unga miaka saba. Alikuwa mzito mno. Alikuwa tayari chali. Mlango ukafunguka, mwanga ukaingia, na katika mwanga ule Rosebella aliona kwa mara ya kwanza chumba chote. Kilikuwa kikubwa. Kilikuwa kitupu. Hapakuwa na mtu mle ila yeye na mumewe, wa mwisho kubaki, na sakafu iliyooshwa.

Kisha mikono kutoka mlangoni ikamvuta Ojara, na shati likamtoka Rosebella vidoleni.

Phelister aliporudi, askari wakiwa wamekwenda zao, alimkuta rafiki yake ameketi, mgongo ukutani, macho wazi. Hakulia. Alisema tu, “Sasa naweza kulala vyovyote.” Na ilikuwa kweli. Tangu siku ile alilala ubavu, kifudifudi, hata chali, wala hakuota chochote tena mpaka kufa kwake. Wiki hiyo hiyo Phelister alimtafutia lori la mkaa lililokwenda Busia, naye akavuka mpaka kwa miguu usiku wa mvua. Akamlea Akot. Mwili wa Ojara haukupatikana, wala kaburi, wala mtu aliyekubali kwamba aliwahi kuwako. Nafuna, husemwa, alizaa mtoto wa kike, akangoja jibu la jina mpaka mtoto akaanza kutembea.

Lakini kuna jambo ambalo Phelister hakumwambia Rosebella, kwa kuwa alikuwa ameteseka vya kutosha. Siku ile alipofungua mlango, kabla hata ya kumtazama aliye kwenye godoro, aliitazama sakafu yake. Juu ya polishi mpya palikuwa na mistari. Mistari miwili miwili, sambamba, kama ya visigino vya watu wanaoburutwa wamelala chali. Ilianzia kwenye godoro. Ilikwenda mpaka mlangoni, ikapita chini yake. Nje, kwenye vumbi la uani, haikuwapo.

Aliisugua kwa jiwe. Alipaka polishi, akapaka rangi, mwisho akamwaga saruji mpya, na wiki hiyo hiyo mistari ikatokea juu ya saruji. Alipohama, chumba kikachukuliwa na mshonaji kutoka Kongo, Julienne, ambaye hakuambiwa lolote. Julienne hakuipenda ile mistari, akatandika mkeka mzuri wa rangi juu yake. Baada ya miezi michache mkeka ukaanza kuchakaa, mistari miwili miwili. Julienne aliuinua autazame. Ulikuwa unalika kutoka upande wa chini.